Kwa mnaoanza kufundisha somo la agano

Vijana wangu, nimekaa viti vya nyuma nikiwasikiliza mkifundisha uaminifu wa Mungu kwa Israeli, na karibu nyote mnapita njia ile ile: Mwanzo 12, Mungu anapomwahidi Abramu (ndiye Ibrahimu wa baadaye) uzao na nchi, mnaruka hadi Yoshua 21:45 kwamba halikuanguka neno lolote, kisha “na wewe leo, pokea!” Katikati hapo mmeruka karne kadhaa, na humo ndimo somo lilimo. Nawapenda, ndiyo maana siwezi kunyamaza.

1. Hesabuni miaka. Abramu alitoka Harani akiwa na miaka 75; Isaka alizaliwa baba yake ana 100. Kutoka 12:40 inataja miaka 430 ya kukaa Misri. Na ile nchi? Sara alipokufa, Ibrahimu hakuwa na mahali pa kumzika. Someni Mwanzo 23 polepole, mumwone mzee aliyeahidiwa nchi nzima akiinama mbele ya wenyeji kuomba auziwe kaburi, kisha akimpimia Efroni Mhiti shekeli 400 za fedha kwa shamba la Makpela na pango lake. Msikilizaji asiyepitishwa hapo atakwama siku ahadi itakapochelewa.

2. Hapa ndipo ninapoumia. “Agano lina pande mbili: timiza upande wako, Mungu atatimiza wake.” Nimelisikia tena juzi, kutoka kwa kijana mwenye bidii kweli, na limetolewa kwenye Mwanzo 15! Siwezi kumlaumu, maana sisi tuliowatangulia ndio tuliolipanda. Tulilihubiri miaka na miaka, watu wakaitikia amina, halafu waliofiwa na waliokosa walichoomba wakarudi nyumbani kutafuta kosa lao. Nimeketi na mama aliyetoka kumzika mwanawe, akiniuliza ni sharti gani la agano alilolivunja. Swali lile hakulitoa kwenye Biblia. Alilitoa kwetu.

Haya, fungueni sura yenyewe. Abramu analeta ndama, mbuzi na kondoo, kila mmoja wa miaka mitatu, pamoja na hua na kinda la njiwa. Wanyama anawapasua katikati, vipande anavipanga vikielekeana, ndege hawapasui. Tai wanatua juu ya mizoga, anawafukuza. Jua linapokuchwa, usingizi mzito unamshika. Giza likishaingia, tanuru la moshi na mwenge wa moto vinapita kati ya vile vipande. Abramu hapiti.

Kupita kulimaanisha nini? Yeremia 34:18-20 inaeleza: wakuu wa Yuda walipita kati ya vipande vya ndama wakiahidi kuwaacha huru watumwa wao, wakageuka, wakaambiwa maiti zao zitaliwa na ndege na wanyama. Anayepita anajiapiza. Usiku ule wa Abramu, moshi na moto vikiwa ishara ya Mungu, aliyepita ni Mungu peke yake. Nionyesheni basi upande wa Abramu ulikuwa wapi. Alikuwa amelala! Imani na utii wake vina mahali pake, someni 15:6 na sura ya 17 na 22, ila havikuwa nguzo ya kiapo kile.

3. Msichanganye agano hilo na la Sinai, lile la sheria kupitia Musa. Kumbukumbu la Torati 28 lina masharti na laana, na Israeli walizionja kweli; Yerusalemu ilianguka mikononi mwa Babeli mwaka 586 K.K. Lakini someni Mambo ya Walawi 26 hadi mwisho. Baada ya laana zote, mstari wa 42 unarudi kwa Yakobo, Isaka na Ibrahimu, na wa 44 unasema hata wakiwa katika nchi ya adui zao Mungu hatawatupa.

4. Yeremia 29:11, ile ahadi ya mawazo ya amani, isisomwe bila 29:10. Ni barua kwa mateka wa Babeli walioambiwa wajenge nyumba na wapande bustani, kwa sababu ni miaka 70, na wengi wao wangefia huko huko.

5. Silinda ya Koreshi, maandishi ya udongo ya mfalme wa Uajemi, iliyopatikana Babeli mwaka 1879, inaeleza jinsi alivyowarudisha watu makwao. Itumieni, ila msiliambie kanisa kwamba inawataja Wayahudi. Haiwataji. Anayewataja ni Ezra.

6. Mkome kusema kwamba Mungu aliwatupa Israeli ndipo sisi tukapata nafasi. Paulo aliandika Warumi 11 akiwajua watu wa namna hiyo: tawi lililopandikizwa lisijisifu juu ya matawi yaliyokatwa. Na kama neno alilomwapia Ibrahimu liliweza kufutwa, nyie mnasimamia neno gani lake?

7. Mkipewa dakika kumi tu, fundisheni mifupa ya Yusufu. Mwanzo 50:25 anawaapisha ndugu zake kwamba wataichukua mifupa yake kutoka Misri. Anakufa akiwa na miaka 110, anawekwa kwenye sanduku Misri. Kutoka 13:19, watu wanaondoka mbio na unga usiotiwa chachu, na Musa anaichukua ile mifupa. Miaka 40 ya jangwani iko nao. Yoshua 24:32, inazikwa Shekemu, kwenye kiwanja alichonunua Yakobo babaye kwa vipande 100 vya fedha. Wapeni washirika watatu wasimame wasome mistari hiyo kwa kufuatana, na msiwakatize kwa maelezo mpaka wa tatu amalize.