Glenn hakuwa wa kwanza, ila si shujaa wa kupikwa
Unauliza kama John Glenn ndiye Mmarekani wa kwanza kufika anga za juu, na unasema ushujaa wake ni wa magazeti tu. Hapana, wa kwanza ni Alan Shepard, Mei 1961, na Msovieti Gagarin alishawatangulia wote mwezi mmoja nyuma. John Glenn ndiye Mmarekani wa kwanza kuizunguka dunia: mara tatu, Februari 20, 1962, kwa muda wa karibu masaa matano. Ila kusema ushujaa wake ni wa magazeti tu, hapo umetia chumvi. Mtambo wa kujiongoza ulileta hitilafu kule juu, akakiendesha chombo kwa mkono. Doa lake litafute kwenye useneta wake wa jimbo la Ohio, sakata la tajiri Charles Keating, ambapo yeye na maseneta wenzake wanne walituhumiwa kumkingia kifua tajiri huyo mbele ya wasimamizi wa mabenki. Hata hapo kamati ya maadili ya Seneti ilisema alikosa busara, basi.