Ndugu aonekane

Swali lenu la wiki: je, ni haki kumtoa mpangaji anayelipa vizuri kwa kuwa ndugu wa mwenye nyumba anakihitaji chumba? Mimi nasema ni haki, ila huyo ndugu aonekane.

Miaka ile nikipanga Kampala niliambiwa nihame, kaka wa mwenye nyumba anarudi kutoka Juba. Nikahama. Wiki tatu baadaye napita pale, mlango umepakwa rangi ya bluu, nje anafua mama nisiyemjua. Kumsalimu, kumbe analipa laki mbili, mimi nilikuwa nalipa laki na nusu. Kaka wa Juba sijamwona hadi leo. Na siku hizi hila hiyo inalipa zaidi, maana Sheria ya Wenye Nyumba na Wapangaji ya 2022 hairuhusu kodi kupanda zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka. Mwenye tamaa anamzulia mpangaji ndugu.

Mwaka jana ikawa zamu yangu. Nina vyumba vinne vya mstari hapa Walukuba, Jinja. Mama alivunjika nyonga kijijini, na chumba kilicho karibu na bomba na choo anakaa kijana anayeuza roleksi, zile chapati zinazoviringishwa na mayai, hajawahi kuchelewesha kodi. Nikampa notisi ya siku 30, mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la mtaa, akiwa shahidi. Siku zikaisha, yumo. Mdogo wangu akasema ng'oa mlango, atatoka mwenyewe. (Wengi hufanya hivyo. Bila amri ya mahakama ni kosa, tena ni aibu.)

Nikaenda kumleta mama, akalala sebuleni kwangu. Alfajiri kijana anawasha sigiri yake, akamwona anakwenda chooni: mkono mmoja ukutani, mwingine umeshika birika la kutawadhia, mguu unaburuzwa. Hakusema neno. Jioni akaja kunieleza kwamba chumba alishapata, ila kule wanataka kodi ya miezi mitatu kwa mpigo, na yeye pesa yake iko kwenye unga na mayai.

Hilo sikuwa nimeliwaza, najua kuandika notisi tu. Nikamsamehe kodi ya mwezi ule, na ya mwezi uliotangulia nikamrudishia. Alihama siku ya 41. Balbu yake aliifungua akaenda nayo. Ufunguo alimkabidhi mama, si mimi.