Regyuleta mpya: ipime kabla hujashuka Tanga

Nimenunua regyuleta (kifaa cha kupumulia hewa ya mtungi wa kuzamia) mpya kabisa. Kuna haja ya kuipima? (Msomaji, Njiro)

Ipo, tena kubwa. Siti ya plastiki (kiziba cha hewa) iliyo ndani ya hatua ya kwanza, ile inayofungwa kwenye mtungi na kupunguza presha, huendelea kukandamizika katika saa za mwanzo za kazi, hivyo presha iliyowekwa kiwandani huweza kusogea. Safari na joto la bohari navyo havisaidii.

Anza nyumbani bila mtungi. Acha kifuniko cha vumbi cha hatua ya kwanza kikiwa kimekazwa, weka hatua ya pili (sehemu ya kupumulia) mdomoni, vuta pumzi taratibu. Unatakiwa ukwame kabisa. Ukipata hewa hata kidogo, kagua valvu ya kutolea pumzi. Mara nyingi ukingo wake umejikunja au umenasa chembe ya mchanga. Kisha kagua kamba inayobana kipande cha mdomoni na diaframu (utando laini wa mpira). Panapoingia hewa leo, kesho patapita maji. Hatua ya pili ya akiba nayo ipime vivyo hivyo.

Nikifungua mtungi iko kimya, lakini baada ya dakika chache hatua ya pili inaanza kuvuja. Nikaze? (Msomaji, Majengo, Moshi)

Usikaze kitu kabla ya kupima presha ya kati, yaani ya hewa iliyo kwenye mpira kati ya hatua hizo mbili. Chomeka geji yake kwenye mpira wa kujazia hewa jaketi la kuelea, kisha fungua polepole mtungi wa bar 200, uso wa geji ya mtungi ukiwa umeelekezwa mbali na watu. Regyuleta nyingi husoma kati ya bar 8.5 na 10. Namba ya kufuata ni ile ya kitabu cha mtengenezaji.

Bonyeza kitufe cha kupulizia mara 15 hivi. Kila mara sindano ishuke, irudi, isimame palepale. Ikisimama kisha ikaendelea kupanda kidogokidogo, siti ya hatua ya kwanza haifungi. Presha hiyo ikizidi nguvu ya springi ya hatua ya pili, hewa hutoka. Ndiyo sauti unayoisikia. Ukikaza hatua ya pili utaficha ubovu na kujiongezea uzito wa kuvuta pumzi. Irudishe kwa muuzaji bila kuifungua, ulinde dhamana.

Sindano ikitulia na uvujaji ukaendelea, hapo ndipo hatua ya pili inahitaji marekebisho. Kama kitabu kinaruhusu, zungusha mdomo wa valvu (tundu la chuma linalozibwa na siti ya hatua hiyo) kwenda ndani kwa moja ya nane ya mzunguko, kitufe kikiwa kimebonyezwa. Ukizungusha bila kubonyeza, ukingo mkali wa chuma utaikata siti.

Malizia kwa beseni la maji: shusha hatua ya pili taratibu, kipande cha mdomoni kikiangalia juu, mpaka hewa ianze kutoka. Diaframu ikiwa sentimita 2.5 hadi 4 chini ya maji, inatosha. Ya akiba iache iwe nzito kidogo, isijifungulie yenyewe majini.

Sina mtungi wa kuzamia. Nijaribie kwa oksijeni ya mchomeleaji, au kompresa ya matairi? (Msomaji, Usa River)

Hapana kwa vyote viwili. Oksijeni tupu yenye presha kubwa ikikutana na grisi huweza kuwaka. Kompresa ya matairi hutoa takriban bar 8 hadi 10 tu, sawa na presha ya kati, kwa hiyo siti ya hatua ya kwanza haipati kazi yoyote; pengine hutoa na ukungu wa oili. Fanya kipimo cha kunyonya, kile cha bila mtungi, hapo nyumbani. Vingine fanya kituoni Tanga siku moja kabla ya boti, si dakika ya mwisho.

Arusha iko juu. Niliyorekebisha hapa itabadilika baharini? (Msomaji, Sakina)

Presha ya kati hupimwa kwa tofauti yake na hewa iliyokuzunguka, kwa hiyo usirekebishe upya kwa sababu ya mwinuko. Jambo la kuangalia ni kurudi. Barabara hupanda hadi kama mita 1,400 Arusha, na mwongozo wa DAN (Divers Alert Network, shirika la usalama wa wazamiaji) kuhusu kuruka kwa ndege unahusu mwinuko wa kuanzia mita 600: subiri angalau saa 12 baada ya kuzamia mara moja, 18 baada ya kuzamia mara kadhaa. Mwinuko ni uleule hata ukiupanda kwa gari, hivyo lala pwani, uondoke kesho yake saa hizo zikishatimia.