Mbwa Hajui Njia ya Sokoni, Anayeijua ni Wewe

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki hii linauliza kama mbwa mwongozaji anaweza kweli kumpa asiyeona ujasiri wa kutembea peke yake katika miji ya huku kwetu, Mbeya na Iringa, au hayo ni mambo ya Ulaya tu. Najibu kwamba anaweza, ila sehemu kubwa ya ujasiri huo lazima mtu awe nayo kabla mbwa hajafika.

Wengi hudhani asiyeona humwambia mbwa "twende Mwanjelwa" kisha anapelekwa hadi langoni mwa soko. Hakuna mbwa wa namna hiyo. Njia iko kichwani mwa mtu. Yeye ndiye anayejua anyooke mpaka wapi, akate kona ya ngapi, na mlango anaoutafuta uko baada ya nini. Kazi ya mbwa ni hatua chache zilizo mbele yao: kumkwepesha shimo, baiskeli iliyoegeshwa na meza ya genge, kusimama kwenye ngazi na ukingoni mwa barabara, na kuangalia kinachoning'inia usawa wa uso. Hilo la mwisho ni kubwa. Bati la kibanda lililochomoza kwenye njia, fimbo nyeupe ya asiyeona hailigusi kwa sababu fimbo hupita chini. Mbwa aliyefundishwa vizuri hupima kimo cha mwenzake na kumzungusha.

Mbwa hutembea kushoto, ametangulia kidogo. Amevaa mkanda wa kifuani wenye mpini mgumu unaoinuka juu ya mgongo, na mkono wa kushoto wa mtu hushika mpini huo pamoja na kamba ya shingoni. Mpini ukishikwa, mbwa yuko kazini; ukiachwa ulale mgongoni, kazi imesimama. Kila kitu hupita kwenye mpini: mbwa akipunguza mwendo unajua kuna jambo, akipinda unapinda naye. Kwa hiyo vidole vilegee, bega lishuke, mkono unyooke kando ya mwili. Mgeni wa kazi hii hufanya kinyume. Hushika mpini kama usukani, hujaribu kumwelekeza mbwa, na akiogopa huvuta nyuma. Mbwa akivutwa hupunguza mwendo, mtu naye anaona kusita kule ni dalili ya hatari, anazidi kuvuta. Wakiendelea hivyo kwa muda, mbwa huacha kuamua chochote. Ndiyo maana mafunzo ya pamoja kati ya mtu na mbwa huchukua wiki kadhaa, ingawa mbwa mwenyewe amekwisha kufundishwa kwa miezi mingi.

Mbwa akisimama, usimhimize. Peleka mguu mbele taratibu, upapase. Ukikuta ukingo, ngazi au mtaro, msifu papo hapo, ndipo utoe amri inayofuata. Ukipita bila kukagua, umemfundisha kwamba kusimama hakuna maana. Na akikugongesha bega kwenye nguzo, usimchape wala usipite kimyakimya. Simama, gonga nguzo kwa mkono aone unachosema, rudi hatua chache, mje tena. Akikuzungusha sawasawa, msifu. Hapo ndipo kuaminiana kunapojengwa, na wanaoharakisha hatua hii hurudi nyuma baadaye.

Kuna jambo wanaotoka kwenye fimbo huwa hawalitarajii. Fimbo hukuonyesha vitu kwa kuvigusa: nguzo ya umeme, ukuta, kona ya duka, na wengi huhesabu njia yao kwa vitu hivyo. Mbwa hukupitisha pembeni bila kugusa chochote. Mwendo unakuwa mwepesi, uchovu unapungua, lakini alama zako zimepotea na unaweza kupita duka bila kujua. Inabidi ujenge alama nyingine za miguu, masikio na pua. Nyanda hizi zimejaa alama hizo. Mteremko wa kushuka Ipogolo kutoka Iringa mjini, goti linautambua. Mashine ya kusaga ina mlio wake na harufu ya unga, fundi wa kuchomelea hajifichi, na lami ikiisha ikaanza changarawe, soli ya kiatu inakwambia. Pita njia hiyo mara nyingi na mtu anayeona, umwulize kuna nini kila panapobadilika, kabla hujaipita na mbwa.

Sasa barabara. Mbwa hasomi taa wala haamui wakati wa kuvuka. Anayeamua ni mtu, kwa kusikiliza. Kwa kuwa sisi huendesha kushoto, magari ya upande ulio karibu yako hutoka kulia kwako. Sikiliza kulia kwanza, kisha kushoto, kisha kulia tena, na utoe amri ya kwenda mbele pakiwa kimya kweli. Ukikosea, mbwa mwenye mafunzo kamili hukataa amri: husimama, au hukuzuia kwa mwili wake. Wakufunzi huliita tendo hilo kutotii kwa busara, na ndilo gumu kuliko yote kumfundisha mbwa, kwa sababu anatakiwa kutii siku nzima na kukataa pale tu panapostahili. Lakini hiyo ni ngao ya mwisho, usivuke barabara kwa kuitegemea.

Huku kwetu kuna hatari mbili ambazo vitabu vya Ulaya havizigusi sana. Ya kwanza ni bodaboda anayezima injini kwenye mteremko ili kuokoa mafuta. Anakuja kimya, na sikio halimpati mpaka yuko jirani. Ya pili ni mvua. Kati ya Novemba na Aprili, mvua ikipiga mabati mtaa mzima, husikii hata lori la barabara kuu ya Tunduma. Hapo usivuke. Ingia barazani usubiri ipungue, au omba mtu akuvushe: mshike yeye juu kidogo ya kiwiko, asikushike wewe.

Mitaro ya wazi nayo ina somo lake. Mbwa aliyefundishwa kwenye miji yenye kingo zilizochongwa anasimama vizuri kwenye ukingo, ila ubao uliotupwa juu ya mtaro mbele ya duka ni kitu kipya kwake. Lazima afundishwe upya hapa hapa, ubao kwa ubao. Kwanza avuke peke yake kwa kamba, kisha na mtu, na kila mara asimame kabla ya kupanda. Kuku, mbuzi na mbwa wanaozurura ni mtihani mwingine. Mbwa anayefukuza kuku hafai kazi hii hata akiwa mpole vipi, na wapo wengi wanaoachwa kwa sababu ndogo kuliko hiyo. Akishambuliwa na mbwa wa mtaani akaingiwa na woga, huweza kuacha kazi moja kwa moja. Chanjo ya kichaa cha mbwa isikose, dawa ya kupe iwe ya ratiba, na ofisa mifugo wa kata amjue kwa jina.

Utunzaji wa kila siku unawezekana bila macho. Mlishe kwa saa zilezile, naye atakwenda haja kwa saa zilezile. Weka kiganja mgongoni mwake akiwa amesimama kwenye kamba: mgongo ukijikunja juu, ni haja kubwa, na kwa mwelekeo wa mgongo huo unajua pa kuokota. Mifupa ya kuku iliyopikwa na vitunguu asipewe na mtu yeyote.

Hapo naomba niwageukie wapita njia. Mbwa akiwa na mpini usimwite, usimpapase, usimrushie kipande cha mahindi. Ongea na mtu. Konda asimnyanyue abiria wala kumvuta mbwa kwa mkanda; aseme tu mlango uko wapi na kiti kiko upande gani. Kwa ndugu zetu Waislamu, mate ya mbwa ni suala la tohara, na ni haki yao kuulizwa mapema mbwa akae wapi. Linazungumzika: mwaka 2008 msikiti mmoja wa Leicester, Uingereza, ulitenga sehemu mlangoni mbwa mwongozaji apumzike huku mwenzake akisali.

Shule za mbwa hawa si jambo la jana. Ya kwanza ilifunguliwa Oldenburg, Ujerumani, mwaka 1916, kwa askari waliopofuka vitani. Marekani wakafuata 1929, na Afrika Kusini wana chama chao tangu 1953. Kumlea na kumfundisha mbwa mmoja hugharimu makumi ya maelfu ya dola, kwa hiyo shule nyingi huendeshwa kwa michango. Sisi tumeridhia Mkataba wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009 na tuna Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010. Nashauri wasioona wa mikoa yetu walidai kwanza lile lililo karibu, yaani mafunzo ya fimbo nyeupe yanayotolewa mtaani anakoishi mtu na si darasani tu.

Fimbo nyingi zinazogawiwa ni fupi mno. Simama wima, ifike kwenye chembe cha moyo, na mwenye hatua ndefu aongeze sentimita tano hadi kumi. Ncha nyembamba hukwama kwenye nyufa za zege na kuzama kwenye tope, hivyo kwa barabara zetu tafuta ncha nene ya mviringo. Ipitishe kulia na kushoto, ivuke mabega kwa kama sentimita tano kila upande. Mguu wa kulia ukienda mbele, ncha iguse kushoto, maana ndipo mguu unaofuata utakapokanyaga. Anza na njia moja, nyumbani hadi dukani. Ikishatulia, ongeza ya kanisani au msikitini, kisha yenye kuvuka barabara, kisha yenye kupanda daladala na kurudi. Anayeomba mbwa huulizwa na shule njia anazozipita mwenyewe, na mkufunzi hushika ule mkanda mtupu, mwombaji akashika mpini, mkufunzi akatembea mbele badala ya mbwa, apime mwendo wa mwombaji na nguvu ya mkono wake, ndipo achague mbwa wa kumpa.