Shangazi wa Madeni Anajibu: Uliza Jumla, Usiulize Rejesho

Wiki hii tena barua nyingi ni za kausha damu, ile mikopo midogo ya mtaani yenye riba kubwa. Kwa wasomaji wageni: nilikuwa afisa mikopo wa mtaani Dar es Salaam kwa miaka tisa kabla sijaacha mwenyewe. Najua tunayoyasema mkishatoka ofisini.

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mimi ni mama lishe, Mbagala. Nina kausha damu tatu, kwa siku zinanila 12,000, zimebaki 280,000 jumla. Nimepata mtu wa kunipa 300,000, rejesho 13,000 kwa siku 30. Nataka nilipe wote watatu nibaki na mmoja. Nichukue?

JIBU: Marahaba mwanangu. Hapana. Umeniandikia namba zote muhimu, lakini mwenyewe hukuzijumlisha. Kwa 12,000 kwa siku, madeni yako yanaisha ndani ya siku 24. Huyo mpya anataka 13,000 kwa siku 30. Utalipa zaidi kila siku, na kwa siku nyingi zaidi, ili tu upumzike kugongewa mlango na watu watatu.

Tena hiyo 300,000 hutaiona yote. Tuseme anakata 15,000 ya fomu, unaondoka na 285,000 na kurudisha 390,000. Gharama ni 105,000. Kikomo cha riba cha Benki Kuu kwa wakopeshaji wa daraja la pili, yaani wanaokopesha bila kupokea amana, ni asilimia 3.5 kwa mwezi, yaani 10,500 kwa mkopo kama huo. Umetozwa mara kumi, na pesa yenyewe unaanza kuirudisha kesho yake asubuhi kabla hata maharage hayajaiva.

Fanya hivi: mmalize kwanza mwenye salio dogo. Wawili waliobaki wafuate wewe, wasikufuate wao, uombe siku ziongezwe na jumla ibaki ileile, muandikiane. Nikiwa kazini, mteja aliyekuja mwenyewe nilimwandika "anaendelea kulipa". Aliyejificha uvunguni ndiye aliyebebewa friji. Ukishatulia, uliza kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata kuhusu mikopo ya ile asilimia 10 ya mapato ya halmashauri. Haina riba, ilirudi mwaka 2024 baada ya kusimamishwa, na katika hiyo kumi wanawake wametengewa nne. Ila ni ya kikundi chenye mradi. Usiende nayo kulipa kausha damu.

SWALI: Naomba unitajie programu ya simu inayotoa mkopo haraka bila dhamana.

JIBU: Sitaji, na mkiuliza tena sitaji. Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya programu 69 zinazokopesha bila leseni. Na hiyo "bila dhamana" ni uongo: dhamana ni majina yaliyomo kwenye simu yako, uliyowafungulia ulipobonyeza "kubali".

SWALI: Nilikopa kwenye programu ya simu, sasa wamemtumia mkwe wangu ujumbe kuwa mimi ni tapeli. Nifanyeje?

JIBU: Usifute ujumbe hata mmoja. Piga picha za skrini na upeleke malalamiko Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Sheria ipo tangu 2022. Deni lako halisi bado unadaiwa. Kwa mkwe nenda mwenyewe ukamweleze.

SWALI: Mimi ni mwalimu. Mkopeshaji anashikilia kadi yangu ya benki na namba ya siri, kila mwisho wa mwezi anachukua mshahara, ananipa 40,000. Naweza kuomba kadi mpya?

JIBU: Mwalimu, wewe ndiye unayetufundishia watoto hesabu! Nenda benki kesho na kitambulisho, zuia kadi hiyo, omba nyingine na ubadilishe namba ya siri. Kisha mwandikie mkopeshaji utamlipa kiasi gani kwa mwezi, ubaki na nakala.

Nadhani ulifika kwake baada ya benki kukukatalia kwa sababu ya ile theluthi ya mshahara isiyoguswa, ambayo lazima ibaki mkononi mwako baada ya makato yote. Mnailalamikia sana, na kumbe ndiyo iliyokuwa inakulindia chakula.

Jingine, hukuuliza: utafute mkataba wako usome kichwa chake. Wapo wanaosainisha "mkataba wa mauziano", kumbe umeshauza kiwanja kwa bei ya mkopo. Kama ndivyo, usimlipe kabla hujaonana na mwanasheria. Msaada wa kisheria wa bure upo.

SWALI: Kikoba chetu kinatoza asilimia 10 kwa mwezi. Hiyo nayo si kausha damu?

JIBU: Riba ya kikoba inarudi kwenu mkigawana, ya kausha damu hairudi. Lakini fungueni daftari muone nani anakopa kila mwezi na nani anaweka tu. Mara nyingi ni walewale wawili watatu, maskini kuliko wote, wanaolipia gawio la wenzao. Shusheni riba. Na msajili kikundi, Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 inawahusu.

SWALI: Shangazi, mume wangu hajui kama nimekopa.

JIBU: Atajua siku watakapokuja kubeba kochi alilokalia. Mwambie leo, baada ya kula.