Rumeti wangu anasema "kura" badala ya "kula", ni uvivu?

SWALI: Habari mhariri, niko mwaka wa kwanza chuo na hili somo la isimu, yaani sayansi ya lugha, linanitoa jasho. Mwalimu anataja fonimu na alofoni kila siku na bado sijaona tofauti. Halafu rumeti wangu ni Mkikuyu, "twende kula" kwake ni "twende kura", ukimrekebisha anashangaa, eti mbona ndivyo nilivyosema. Ni uvivu wa ulimi ama?
Msomaji, Nakuru

JIBU: Mdogo wangu, huyo rumeti muache kabisa, tena atakusaidia kuliko noti zako. Kwa Kiswahili ukitoa l ukaweka r maana inageuka: kula na kura, mahali na mahari (hapo ukikosea mbele ya wakwe utajieleza mwenyewe). Sauti zikitenganisha maana namna hiyo kila moja ni fonimu. Kikuyu hakina maneno yanayotenganishwa na r na l, kwa hiyo sikio lake lilizoea kutozijali hizo mbili tangu utotoni. Na si yeye tu, watafiti walipima watoto wa Japani, ambako pia r na l si fonimu mbili, wakiwa na miezi 6 hadi 8 walizitambua sawa tu na wa Marekani, kufika miezi 10 hadi 12 wakawa wameachwa.

Alofoni sasa, hizo ni sura tofauti za fonimu moja. Shika kipande cha karatasi nyepesi mbele ya mdomo useme pin ya Kiingereza, karatasi itapepea, kisha sema spin, itatulia. Mwingereza mwenyewe hana habari, kwake hiyo ni p moja tu. Lakini peleka karatasi hiyohiyo Mombasa umwambie mzee wa Kimvita, Kiswahili cha hukohuko, ataje paa wa porini na paa la nyumba, yule mnyama ana p yenye pumzi, la nyumba halina, na hapo maana imebadilika kwa hiyo ni fonimu mbili! Sisi wengi wa bara tunayatamka sawa na mzee anatushangaa vilevile unavyomshangaa rumeti wako.

Kwenye mtihani usiandike tu "fonimu ni sauti", utakatwa maksi. Andika ni kipashio (yaani kipande kidogo cha lugha) kinachotofautisha maana katika lugha fulani, hayo maneno "katika lugha fulani" usiyaache, halafu toa jozi kama kula na kura. Fonimu weka ndani ya mikwaju, /p/, alofoni ndani ya mabano mraba, kama [p] ya spin na [pʰ] ya pin, hiyo h ndogo ndiyo ile pumzi.