Tangazo lifike kabla ya siku yake

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki hii ni hili: habari za huduma za halmashauri na za mtaa wako hukufikia kwa njia gani, na ungepewa nafasi ungerekebisha nini? Najibu kutoka Moshi mjini, ambako nina duka la steshenari. Tunachapa barua, tunatoa fotokopi, na tunawasaidia kujaza fomu wale ambao mkono wao haujazoea kalamu. Kazi hii hunionyesha matangazo ya umma kwa upande ambao wanaoyatoa hawauoni, kwa sababu namwona mwananchi siku anapokuja na karatasi yake, na kwa jinsi anavyohema naweza kukadiria tangazo lilimfikia lini.

Njia za kupashana habari tunazo za kutosha. Linapita gari lenye vipaza sauti wakati wa kampeni ya chanjo; ipo redio; halmashauri ina tovuti na kurasa zake mitandaoni; mtaa una kundi la WhatsApp; ofisi ya kata na ya mtaa zina ubao wa matangazo; na kwa mkoa wetu wa Kilimanjaro lazima nitaje matangazo ya kanisani baada ya ibada na ya msikitini baada ya swala ya Ijumaa, ambayo naamini ndiyo yenye wasikilizaji makini kuliko yote. Hata historia iko upande wetu, maana miaka ya 1950, wakati wa Mangi Mkuu, yaani mtawala mkuu wa Wachagga, Thomas Marealle, serikali ya Wachagga ilikuwa na gazeti lake, Komkya, likichapishwa hapa hapa Moshi, kabla mikoa mingi haijafikiria jambo hilo. Kinachotupungukia leo ni habari inayomkuta mkazi akiwa bado ana la kufanya nayo.

Nitoe mfano wa mikopo ya asilimia kumi, kwa kuwa ndiyo inayojaza duka langu kuliko jambo lingine lolote la halmashauri. Tangu Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa iliporekebishwa mwaka 2018, kila halmashauri inatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya kukopesha vikundi bila riba: asilimia 4 kwa wanawake, asilimia 4 kwa vijana na asilimia 2 kwa watu wenye ulemavu. Serikali ilisitisha utoaji wa mikopo hiyo mwaka 2023 ili kurekebisha utaratibu wake, kisha ikaurejesha mwaka uliofuata. Hayo yote yalisikika redioni na kwenye televisheni, na sidhani kama yupo mfanyabiashara mdogo wa soko la Mbuyuni au la Kiboriloni hapa Moshi ambaye hakuyasikia.

Lakini kusikia kwamba mikopo ipo si sawa na kujua namna ya kuiomba. Kikundi kinatakiwa kiwe kimesajiliwa, kiwe na katiba, muhtasari wa kikao kilichoamua kuomba mkopo, akaunti ya benki, andiko la mradi linaloeleza fedha zitafanya nini na zitarudije, na barua za kukitambulisha. Kila karatasi ina ofisi yake na mtia saini wake, na mtia saini huyo ana siku anazokuwa kwenye semina. Kikundi cha akina mama wanaouza mboga, ambao hukutana jioni baada ya kufunga biashara, hakiwezi kukamilisha mambo hayo kwa siku mbili. Hata hivyo hufika watu dukani kwangu mchana wakisema, "Mama, tusaidie tafadhali, tumeambiwa mwisho ni leo saa tisa," nami nachapa katiba ya kikundi kwa kunakili vifungu ambavyo wanachama wenyewe hawajapata nafasi ya kuvijadili. Wiki chache baadaye baadhi yao hurudi kuchapa upya, kwa kuwa andiko la mradi limerudishwa na maswali. Wenzao waliopata habari mapema, mara nyingi kwa sababu mmoja wao anafahamiana na mtu fulani ofisini, huja taratibu, huketi kwenye benchi, husoma rasimu mstari kwa mstari na kubishana kuhusu faini ya anayechelewa kikaoni. Katika jambo hili tangazo lililochelewa huamua nani atapata mkopo kabla kamati ya mikopo haijafungua faili hata moja, na huamua bila mtu yeyote kuwa amekusudia upendeleo.

Sina sababu ya kudhani kwamba tangazo lilifichwa. Nilipopata kumuuliza mtumishi mmoja, alinionyesha kwenye simu yake kuwa lilikuwa limewekwa mtandaoni siku nyingi kabla. Niliposoma nikaona tatizo lilipo. Sehemu kubwa ilikuwa picha na maelezo ya viongozi waliohudhuria kikao kilichozungumzia mikopo, na tarehe ya mwisho ilikuwa imetajwa mara moja, karibu na mwisho, ndani ya nukuu ya hotuba. Huu ndio mtindo wa kurasa nyingi za taasisi zetu nchini: habari ya ziara, habari ya uzinduzi, habari ya pongezi. Sizipingi habari hizo, kwani mwananchi ana haki ya kujua viongozi wake wanashinda wapi. Ila mkazi anayetafuta huduma anahitaji kujua ni lini, ni wapi, ni shilingi ngapi, aje na nini, na amwone nani, na mambo hayo matano yakikosekana atalazimika kumuuliza mwenye duka la fotokopi, ambaye naye hubahatisha.

Hapo kwenye "wapi" Moshi ina shida yake ya pekee. Tuna Halmashauri ya Manispaa ya Moshi, ambayo ni mji wenyewe na kata zake 21, na tuna Halmashauri ya Wilaya ya Moshi, inayochukua Uru, Kibosho, Old Moshi, Marangu, Mabogini, Kahe na kwingineko. Tangazo likisema "halmashauri ya Moshi" tu, mtu wa Kibosho hupanda gari hadi mjini, hupanga foleni kwenye ofisi ya manispaa, kisha huambiwa kwa upole kwamba yeye si wa hapo. Na hata mkazi wa mjini hajui kila jambo lina mlango gani. Barabara ya mtaani iliyochimbika ni ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, tangu ulipoanzishwa mwaka 2017, barabara kuu ni ya TANROADS, maji ni ya mamlaka ya maji, MUWSA, na kitambulisho cha taifa ni cha NIDA, lakini malalamiko yote huishia kwa mwenyekiti wa mtaa kwa sababu ndiye jirani. Mwenyekiti asiye na mshahara hubebeshwa lawama za taasisi nne. Mstari mmoja chini ya kila tangazo, unaotaja ofisi inayohusika na siku inazopokea watu, ungempunguzia mzigo huo.

Kodi ya majengo ilitufundisha jambo linalokaribiana na hilo. Agosti 2021 ilianza kukatwa kupitia ununuzi wa umeme wa LUKU, shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Mabadiliko yalikuwa yametangazwa wakati wa bajeti mwezi Juni, tena kwa nchi nzima. Hata hivyo wapangaji wengi waliyajua pale walipoona yuniti zimepungua, wakaanza kuuliza kwa nini kodi ya nyumba ya mtu mwingine inatoka mfukoni mwao. Maelezo kwamba mpangaji akubaliane na mwenye nyumba namna ya kurudishiwa fedha hizo yalihitajika mtaani, kabla ya Agosti, kwa lugha ya mtu anayenunua umeme wa shilingi elfu mbili.

Kuhusu mkutano wa mtaa nina mengi ya kusema. Katiba yetu, ibara ya 18, inampa kila mtu haki ya kupewa taarifa wakati wote kuhusu mambo muhimu kwa maisha na shughuli za wananchi, na ibara ya 146 inasema serikali za mitaa zipo ili kupeleka madaraka kwa wananchi. Mahali ambapo maneno hayo yanapaswa kuonekana ni mkutano wa wakazi, pale mwenyekiti na mtendaji wanaposoma mapato na matumizi. Vijijini sheria inataka mkutano mkuu wa kijiji ufanyike angalau kila miezi mitatu. Mjini mikutano ipo pia, lakini mahudhurio yake ni ya kusikitisha, na kosa ni la pande zote mbili. Sisi wakazi tumezoea kwenda ofisi ya mtaa siku tunapohitaji barua ya utambulisho kwa ajili ya benki au dhamana, tunagongewa muhuri, tunaondoka. Nao waitishaji huita mkutano Jumatano saa nne asubuhi, wakati fundi yuko saiti na muuza ndizi yuko sokoni, halafu hulalamika kwamba wananchi hawana mwamko. Nimewahi kuuona mtaa mmoja ukihamishia mkutano Jumapili saa kumi jioni, ajenda ikiwa imebandikwa na kusomwa makanisani wiki nzima kabla, na watu wakajaa hadi viti vikaazimwa. Siku hiyo yaliulizwa maswali makali kuhusu ada ya taka, yakajibiwa kwa risiti.

Ajenda hiyo ndiyo muhimu. "Mnaitwa mkutanoni, wote mnakaribishwa" ni mwaliko wa harusi. Mkazi akisoma kwamba mkutano utajadili mahali pa kuweka dampo dogo la taka, au mradi utakaopendekezwa kwenye bajeti, ataacha shughuli zake aje. Na kwenye bajeti wakati ndio kila kitu: mwaka wa fedha wa serikali huanza tarehe 1 Julai, na mapendekezo hupanda kutoka mitaani, yakapita kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, yakafika Baraza la Madiwani miezi mingi kabla ya tarehe hiyo. Mtu anayesimama mwezi Mei kuomba kalavati huambiwa, kwa haki kabisa, kwamba amechelewa mwaka mzima.

Wapo watakaosema kwamba WhatsApp imeshamaliza tatizo. Mimi ni mwanachama wa kundi la mtaa na nakiri linasaidia maji yakikatika au mtoto akipotea. Lakini tangazo la ofisi likishaingia humo, baada ya nusu saa limezikwa na salamu za asubuhi, mahubiri na video za mpira. Kisha miezi mitatu baadaye mtu hulituma tena bila tarehe, na watu hukimbilia zoezi lililokwisha. Zaidi ya hapo, wazee wengi na akina mama wengi wa sokoni wanatumia simu ndogo, kitochi, na hao ndio wanaohitaji zaidi kujua siku ya kliniki ya macho au ya kuhakiki majina. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 nayo ni nzuri, inaruhusu mwananchi kuandika na kuomba taarifa kwa taasisi ya umma, lakini taasisi ina hadi siku 30 za kujibu. Dirisha la maombi la wiki mbili litakuwa limefungwa zamani.

Sasa nijibu sehemu ya mwisho ya swali. Ningeanza na karatasi moja. Kila Jumatatu halmashauri itoe ukurasa mmoja wenye mambo ya wiki tatu zijazo tu: huduma, tarehe ya kuanza na ya mwisho, gharama, nyaraka zinazotakiwa, ofisi na siku zake za kupokea watu. Picha zisiwepo, na jina la kiongozi litajwe tu kama ndiye wa kuonwa. Karatasi hiyo hiyo ipelekwe kanisani na msikitini kusomwa, isomwe redioni, ipigwe picha iende kwenye makundi ya simu ikiwa na tarehe yake juu, kwa herufi kubwa. Nimesikia hoja ya gharama mara nyingi, kwa hiyo nimeipiga hesabu. Manispaa ya Moshi ina mitaa 60, na kwa bei ya dukani kwangu, shilingi 100 kwa nakala, ubao wa kila mtaa ungepata karatasi yake kwa shilingi 6,000 kwa wiki. Hata ukiongeza nakala kwa kila zahanati, soko na stendi, fedha hizo hazifikii mafuta ya gari moja la msafara wa uzinduzi.

Kazi ngumu itakuwa kumpata wa kukusanya tarehe hizo kutoka kila idara kabla ya Ijumaa, kwa kuwa idara zetu hazina mazoea ya kuambiana. Ningempa jukumu hilo ofisa habari wa halmashauri na kumpima kwa hilo kabla ya kumpima kwa idadi ya picha alizopiga. Kule mtaani ningemwachia mtendaji wa mtaa, kwa sharti kwamba anapobandika karatasi mpya aing'oe ya zamani, maana mbao nyingi ninazopita zina tabaka juu ya tabaka, na anayesoma hawezi kujua kama mwisho wa maombi ni Ijumaa hii au ni Ijumaa ya mwaka jana.

Msomaji wenu,
Moshi